Naomba ushauri: mirija ya 9 na 2 inapindaje siliya?

Bandugu na bakubwa wa biolojia munisaidie, niko Bukavu, wiki inayokuja niko na ekspoze (mada ya kuwasilisha) mbele ya promosyo (darasa) yote na kuna kitu kimoja kinanisumbua kabisa. Nilichota maji ya dimbwi yenye majani yaliyooza nikaweka kwa mikroskopi ya labo, nikaona paramesiamu, kile kiumbe cha seli moja kinachoogelea kwa siliya (vijinywele vyake), inakimbia kama motari wa pikipiki wa Kadutu hapa mjini, ikigonga kitu inarudi nyuma kisha inageuka, aisee nilisahau hata kula!

Siliya nazielewa kiasi: ndani kuna mirija midogo ya protini ya tubulini, jozi 9 zimepangwa kwa duara na 2 peke yake katikati, na daineini (protini inayofanya kazi kama mota) inakula ATP (nishati ya seli) inasukuma jozi moja iteleze juu ya jirani yake. Sasa hapo ndo napotea, kama ni kuteleza tu mbona siliya inapinda? Mwenzangu anasema neksini (protini ya kuunganisha) inashikanisha zile jozi na chini zimefungwa, sawa, lakini kama pande zote zinavuta pamoja si ingebaki wima tu? Nani anaamuru huku vuta, kule tulia, ni zile 2 za katikati ama?

Mwingine ananisukuma niweke na mkia wa bakteria, mi nakataa, ule ni wa flajelini (protini nyingine), unazunguka kama propela, hauna tubulini hata kidogo.

Projekta hakuna, niko na chaki tu, nafikiria kubeba vijiti na lastiki niwaonyeshe. Itaeleweka ao watanicheka?