Prosesa ya laptopu kwenye kompyuta ya mezani: niongeze vipi kasi yake?

Mkaazi wa Wete

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimeitoa prosesa ya Athlon XP-M 2500+ katika laptopu iliyokufa kioo, nikaipachika kwenye bodi ya mezani yenye chipu za nForce2, kwa kuwa soketi ni ile ile ya A. Kompyuta inawaka, lakini inasoma megahezi 800 badala ya 1867. Ningependa ifike 2200, ambayo ndiyo kasi ya Athlon XP 3200+ ya mezani. Je, itawezekana bila ya kuiunguza, na joto hili la kaskazi?

Fundi wa Mkunazini

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Inawezekana, wala hiyo 800 isikutie hofu. Prosesa hizi hazikufungwa kizidishi (namba inayozidishwa na kasi ya basi, yaani njia ya data ya bodi, kupata kasi ya prosesa), kwa sababu laptopu hukipandisha na kukishusha ili kutunza betri. Bodi isiyozitambua huanzia chini, na kwako imeanza na 6 mara 133. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya bodi inayofunguliwa kompyuta inapowaka) uweke kizidishi 14, kisha uifanyishe kazi nzito uone kama imetulia kwenye 1867 yake ya asili. Ikitulia, shusha kizidishi hadi 11 na upandishe basi hadi 200, ilimradi memori zako ni DDR400, zinazomudu basi ya 200. nForce2 huiacha saa ya PCI (mwendo wa njia ya kadi na diski) mahali pake, kwa hiyo diski haitaathirika; bodi nyingi zenye chipu za VIA za wakati ule hazikuwa na hifadhi hiyo.

Linalotaka uangalifu zaidi ni volti. Prosesa yako iliundiwa volti 1.45 na wati 45, ilhali wenzake wa mezani hutumia 1.65. Joto hupanda kwa mraba wa volti na pia sambamba na kasi ya prosesa, hivyo ukiweka 1.65 kwenye 2200, zile wati 45 zitakaribia 69. Panda hatua ndogo ndogo na usimame pale pale itakapotulia, kwani za laptopu huchaguliwa zile zinazoridhika na volti ndogo, na huenda usihitaji kufika 1.65 kabisa. Tahadhari nyingine ni ya mkono: silikoni yake iko wazi, haina kifuniko cha chuma, na klipu ya kipoozeo ikibanwa upande mmoja pembe humeguka. Usiiwashe hata kidogo bila ya kipoozeo, maana haijui kujipunguza kasi inapopata moto.

Bint Chukwani

Kuna jambo moja ambalo kasi haitalitatua. Athlon XP haina maagizo ya SSE2 (amri za ziada za prosesa ambazo programu mpya huzitegemea), na Chrome imeyalazimisha tangu 2014, Firefox ya Windows tangu 2016. Kama ni kwa ajili ya intaneti, 2200 haitakusaidia.

Mkaazi wa Wete

Ahsanteni sana. Ni ya kuchapia barua na michezo ya zamani tu. Kipoozeo nilichonacho ni cha Athlon XP 1700+, kitafaa?

Fundi wa Mkunazini

Kwa 1867 kitafaa. Kabla ya kugusa volti, tafuta chenye kitako cha shaba na feni kubwa zaidi.