Swichi ya taa za rivasi kwenye giaboksi inavuja mafuta: Corolla 110, gia za mkono

mtaa_wa_pili

Wakuu, habari za kazi. Gari ni Corolla AE110, injini ya 5A-FE, gia za mkono. Giaboksi imelowa upande mmoja, na gari likilala, asubuhi kuna matone mawili matatu chini. Nikimulika tochi kwa juu naona swichi ya taa za rivasi imelowa, na waya wake umelowa mpaka kwenye soketi. Taa zenyewe zinawaka kama kawaida.

Naomba kujua: nibadilishe washa (ringi bapa ya kuzibia chini ya swichi) tu au swichi nzima? Lazima nimwage mafuta ya giaboksi kwanza? Na kuna ushauri wa kuzungushia thredi tepu ya mabomba halafu nikaze, inafaa?

Spana27

Usinunue kitu kwanza, mkuu. Kwenye 5A-FE distribyuta (kigawa umeme wa plagi) iko mwishoni mwa silinda hedi, juu ya giaboksi. O-ringi yake, ile ringi ya mpira ya kuzibia, ikikauka, oili ya injini inateremka na kulowesha kila kilichoko chini, swichi ikiwemo. Gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) ikichoka inafanya hivyohivyo. Watu wengi wamebadilisha swichi nzima bila kosa lake.

Anza na pua. Mafuta ya gia yana harufu kali ya kiberiti ambayo oili ya injini haina. Usipime kwa kusugua vidoleni: 75W-90 ya gia na oili ya injini ya namba 40 haziachani sana kwa uzito, maana namba za gia na za injini zina mizani tofauti.

Halafu osha eneo lote kwa brashi na dizeli, futa, malizia na spirei ya kusafishia breki mpaka pakauke kabisa. Paka poda ya mtoto kuzunguka swichi na chini ya distribyuta. Endesha kilomita kumi na tano hivi, fungua boneti. Poda inakuonyesha mkondo ulikoanzia. Ukitazama, usisahau sensa ya spidomita. Nayo imeingia kwenye giaboksi kwa o-ringi, imeshikwa na bolti moja ya namba 10, na ikivuja mafuta yanatambaa chini kiasi cha kuonekana yametoka pengine.

Mwisho vuta soketi ya waya wa swichi uchungulie ndani. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Pakiwa pakavu ndani na mafuta yako kwenye shingo ya swichi tu, tatizo ni washa. Ukikuta mafuta ndani ya soketi, kwenye pini, basi yamepita katikati ya swichi yenyewe. Ndani yake kuna kipini kinachosukumwa gia ya rivasi inapoingia, na sehemu ya plastiki imebanwa kwenye chuma kwa sili ndogo. Sili hiyo ikifa, mafuta yanapanda ndani ya swichi na kufuata waya. Hakuna washa itakayoziba hapo.

mtaa_wa_pili

Asante mkuu. Nimeosha na kufuata maelekezo. Chini ya distribyuta poda ni kavu. Ndani ya soketi kuna mafuta na yananuka kiberiti.

gia_tano

Basi ni swichi. Nunua swichi na washa yake mpya kwa pamoja. Ukienda dukani beba ya zamani: linganisha kipenyo cha thredi, urefu wa kipini, umbo la soketi. Kuna swichi zinazoingia thredi vizuri kabisa lakini kipini ni kifupi, ukifunga taa haziwaki.

Kumwaga mafuta inategemea swichi imekaa wapi ukilinganisha na usawa wa mafuta. Ikiwa juu ya usawa huo utaona machozi tu. Kama huna uhakika, weka beseni chini, uwe na swichi mpya mkononi tayari imevalishwa washa, kisha ubadilishane haraka. Ila kama mafuta yana miaka humo ndani, mimi ningeyamwaga yote na kuweka mapya. Kazi ni ileile.

Kufungua:

Gari liwe kwenye sakafu tambarare, giaboksi imepoa, magurudumu ya nyuma yamewekewa vizuizi. Ukilazimika kuingia chini, tumia stendi, usitegemee jeki. Toa temino hasi ya betri. Boksi la eakilina (chujio la hewa) likikubana, litoe. Osha tena kuzunguka swichi, kwani mchanga ukiingia kwenye tundu lile unaishia kwenye gia na beringi.

Swichi nyingi za Toyota zinafunguka kwa spana ya 27, lakini zipo za 24 na 22, kwa hiyo pima kabla hujaenda kuazima. Spana ya soketi iliyo ndefu ni bora, maana ile fupi inagonga plastiki na kuipasua. Kama waya umeungana na swichi, tumia spana ya ringi uliyoipitisha kwenye waya, au ya mdomo iliyo nzima. Plaizi ya mabomba iache nyumbani.

Ikilegea, malizia kwa vidole. Hakikisha washa ya zamani imetoka nayo, kwa sababu mara nyingi inabaki imeganda kwenye giaboksi, mtu anaweka mpya juu yake. Washa mbili zinaiinua swichi: kipini hakifiki, taa haziwaki inavyotakiwa, na uvujaji unabaki palepale. Kusahau washa ni kinyume chake: kipini kinaingia ndani kupita kiasi, taa zinaweza kuwaka muda wote au kipini kikaumia.

Kabla ya kufunga, ijaribu swichi mpya kwa multimita (kipima umeme). Kipini kikiwa huru, pasiwe na mawasiliano ya umeme kati ya pini mbili. Ukikibonyeza, pawe na mawasiliano. Ni sekunde kumi tu, na zinakuokoa usifanye kazi mara mbili.

Anza kuifunga kwa vidole mpaka washa iguse. Kisha kaza Nm 40 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Bila spana ya torki, ni sawa na kuvuta kwa nguvu ya kama kilo 16 mwishoni mwa spana yenye urefu wa sentimita 25. Nyumba ya giaboksi ni aluminiamu, swichi ni chuma. Ukishindana nayo, aluminiamu ndiyo inayochunwa.

Tepu: hapana. Thredi hii ni ya moja kwa moja, haijachongwa kwenda ikisongeka kama ya bomba la maji. Kinachoziba ni washa inayobanwa kati ya nyuso mbili. Tepu haizibi chochote hapo, na vipande vyake vinaangukia kwenye mafuta. Gundi ya silikoni kupakwa kwa nje ni kupoteza muda: mafuta yanaisukuma na ikibanduka unabaki na uchafu wa kukwangua.

pumzi_ya_boksi

Yaliyosemwa ni sahihi ila kuna jambo limerukwa, na ndilo linaloua swichi mpya. Giaboksi ina tundu la kupumulia juu, lenye kofia ndogo. Mafuta yakipata moto hewa ndani inapanuka, na inatakiwa itokee hapo. Kofia ikijaa tope na vumbi, hewa inatafuta sehemu dhaifu: sili za eksili, sensa ya spidi, swichi. Ukibadilisha swichi na kuacha tundu limeziba, baada ya muda utarudi hapahapa. Safisha kwa petroli na brashi ya mswaki, hakikisha kofia inacheza na hewa inapita.

Mafuta kuzidi nayo yanaleta kero hiyohiyo. Ndiyo maana watu wanaojaza "mpaka yamwagike" gari likiwa limeinuliwa upande mmoja wanashangaa sili zinalia.

mtaa_wa_pili

Kujaza je? Kiasi gani, na aina gani?

gia_tano

Corolla hizi zenye giaboksi za C50 zinachukua lita 1.9 ukimwaga yote. Mafuta ni 75W-90, daraja la GL-4 au GL-5. Kama hukumwaga, usikisie kilichopotea. Fungua bolti ya kujazia ubavuni gari likiwa limelala sawa, chomeka kidole kilichokunjwa. Usawa unatakiwa uwe kwenye ukingo wa chini wa tundu, au chini yake kwa milimita 5, si zaidi. Kumbuka kanuni ya mafundi: fungua bolti ya kujazia kwanza kabla ya kumwaga. Ikigoma kufunguka na umeshamwaga, gari halitoki.

Safisha soketi ya waya kwa spirei ya kusafishia umeme. Mafuta hayapitishi umeme, kwa hiyo yenyewe hayasababishi shoti, lakini yanalainisha mpira na kukusanya vumbi. Waya ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi iliyoandikwa GAUGE inaweza kuungua, na hapo taa za rivasi zinakufa pamoja na geji za dashibodi. Ukiona dalili hizo mbili kwa wakati mmoja anza na fyuzi hiyo.

Spana27

Kwa wenye gia otomatiki watakaoufungua uzi huu: msifuate hatua hizi. Kwenu swichi iliyoko ubavuni mwa giaboksi ni ile inayotambua P, R, N, D, imevaa kwenye shafti ya kubadilishia gia na iko nje ya mafuta. Pakilowa hapo, mafuta yametoka kwenye sili ya shafti iliyo nyuma ya swichi. Ndiyo mnayoibadilisha. Kabla ya kuitoa swichi, piga alama ya ilipokaa, weka gia N, na wakati wa kurudisha linganisha mfereji wake na mstari uliochorwa kwenye swichi. Bolti zake ni ndogo, Nm 5 hivi zinatosha. Kisha jaribu: gari liwake kwenye P na N peke yake. Likiwaka kwenye D au R, swichi haijakaa sawa, legeza urudie.