Mama ana kidonda cha sukari na aliwahi kuugua TB, chemba ya oksijeni inamfaa kweli?

BintiPongwe

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo, hasa walioko kwenye fani au waliowahi kupeleka mgonjwa. Mama yangu ana sukari ya muda mrefu na sa hivi ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu kimeshafika mfupani, kimesafishwa hospitali zaidi ya mara moja, kinakauka juu afu chini usaha unarudi. Dada yetu yuko Muscat, amepata kliniki huko wanaowaingiza watu kwenye chemba ya oksijeni na viza ya mama ishatoka. Kinachonitia hofu ni kwamba mama aliugua TB zamani, dozi alimaliza vizuri ila kifua hakijawahi kurudi kama mwanzo, akipanda ngazi anahema na mafua yakimpata kikohozi hakiishi leo wala kesho. Presha pia anayo. Kliniki wametuma bei na wanauliza anafika lini, habari za kifua hawajauliza kabisa. Ni mtu wa aina gani hatakiwi kuingia humo? Maana ndugu washaanza kusema mimi ndo nazuia mama asipone.

NesiWaGhuba

Pole sana dada, na hiyo hofu yako ina msingi. Mi ni nesi, nimefanya kazi kwenye kitengo cha chemba huku huku Ghuba, na mgonjwa mwenye historia ya TB hatukuwa tunamuingiza mpaka daktari aone picha ya kifua chake.

Iko hivi. Mle ndani presha ya hewa inapandishwa hadi mara mbili, mbili na nusu hivi ya hii ya kawaida, mgonjwa anavuta oksijeni tupu kama saa moja na nusu mpaka mbili afu presha inashushwa taratibu. Kwenye kushusha ndo kwenye kazi. Hewa yoyote iliyonasa mwilini inatanuka presha ikipungua, kama presha ilikuwa mara 2.4 ya kawaida basi inataka nafasi mara 2.4 ya ile iliyokuwa nayo. Pafu zima linaitoa kwa pumzi tu wala mtu hahisi. Ila TB hata ikipona inaweza kuacha matundu, malengelenge ya hewa na makovu yanayobana njia, hewa inaingia lakini kutoka inachelewa, hapo pafu linaweza kupasuka. Na mtu ambaye tayari hewa imevuja ikakaa kati ya pafu na ukuta wa kifua na haijatolewa, huyo haingii kabisa, hilo halina mjadala dunia nzima.

Mama yako simuweki kwenye kundi hilo. Yeye yuko kwenye kundi la kupima kwanza. Ombeni siti skani ya kifua, eksirei ya kawaida inaweza kukosa malengelenge madogo. Na kwa kuwa anahema akipanda ngazi na ana presha, apimwe moyo kwa echo, oksijeni nyingi inabana mishipa na presha ya damu inapanda, moyo uliochoka unaweza kuzidiwa mapafu yakajaa maji.

Wengine wa kuangaliwa kwa makini ni mwenye pumu isiyotulia, mwenye kifafa au homa kali (oksijeni ikizidi kwenye ubongo inaweza kuleta degedege, ni mara chache ila ipo), aliyewekewa betri ya moyo ambayo haijathibitishwa kwa presha hiyo, mjamzito, na mgonjwa wa saratani aliyepata dawa ya bleomisini maana hiyo na oksijeni nyingi zinaweza kuumiza mapafu. Na kwa wenye sukari msisahau macho, kama amefanyiwa opareshen ya retina na bado ana kiputo cha gesi ndani ya jicho asisogee hata mlangoni, anaweza kupoteza jicho.

Kingine, sukari hushuka akiwa ndani. Ale kwanza, apimwe kabla na baada, akiwa chini ya 6 hivi vitengo vingi vinampa kitu cha kula kwanza ndo aingie.

MzamiajiNungwi

Mi sio mtu wa hospitali, napiga mbizi. Hiyo 2.4 wanayosema ni sawa na kushuka kama mita 14 baharini, kwa hiyo bi mkubwa atakuwa anazama bila maji. Masikio yake vipi? Sisi mtu akiwa na mafua hazami, njia ya sikio ikiziba ngoma inaumia, na humo kwenye chemba hilo ndo tatizo linalotokea zaidi kuliko mengine yote. Mfundisheni kubana pua na kupuliza kidogo kidogo tangu mwanzo kabisa, asisubiri iume. Na wakati wa kurudi asizuie pumzi kwa hali yoyote. Huku vijana wa majongoo bahari wanazama na kompresa bila mafunzo, wanapanda haraka, wengine wanapooza miguu, hao chemba ndo dawa yao haswa. Kwa hiyo sio kitu kibaya, ila kinataka mtu anayejua anachofanya.

Dkt_Kijijini

Naongezea swali ambalo naona halijaulizwa: mishipa ya damu ya mguu imepimwa? Oksijeni inasafirishwa na damu, mshipa ukiwa umeziba juu utamuingiza chemba vipindi 30 au 40 na kidole kisipate kitu. Kuna kipimo cha kubandika kwenye ngozi pembeni ya kidonda kinaonyesha oksijeni inafika kiasi gani, waulizeni kama wanacho. Mshipa uzibuliwe kwanza, mfupa uliooza utolewe, antibayotiki, sukari ishuke, na asiukanyagie mguu huo. Chemba inakuja juu ya hayo yote, haichukui nafasi yake. Kwa kidonda kilichofika mfupani inaweza kusaidia, hapo kliniki hawajadanganya.

MamaJunia

Samahani naingilia, mi nimeambiwa nimpeleke mwanangu mwenye usonji kwenye hiyo hiyo chemba. Ina maana hata mtoto apimwe kifua?

NesiWaGhuba

MamaJunia mpenzi, kwa usonji haijathibitishwa kusaidia, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walishawaonya wazazi kuhusu hilo. Januari 2025 huko Troy, Michigan, mtoto wa miaka 5 alifariki chemba iliposhika moto akiwa ndani. Hiyo hela mpelekee mtaalamu wa kumfundisha kuongea, nakuomba sana.

BintiPongwe

Mungu awabariki, nimesoma mpaka machozi. Nimemwambia dada awaandikie kliniki leo kwamba bila siti skani, echo na kipimo cha mishipa hatukati tiketi. Daktari wetu hapa Tanga amekubali kuandika skani. NesiWaGhuba, skani ikitoka safi kuna la kujiandaa?

NesiWaGhuba

Lipo dada, kujikinga na moto. Siku ya chemba asipake mafuta yoyote, nywele, mwili, hata ya midomo, na wale wanaopaka ya nazi mpaka yanachuruzika waoge kwanza kwa sabuni. Nguo ni pamba tupu, khanga za siku hizi nyingi zina poliesta kwa hiyo avae gauni la kitengo. Simu, saa na kifaa cha kusikia vibaki nje. Muulizeni pia nesi anayefunga kidonda kama bandeji ina mafuta, hilo watu wanalisahau, iondolewe kabla hajaingia. Na awaambie akipata mafua asubuhi hiyo, wasogeze siku. Skani ikitoka weka hapa maelezo ya daktari tuyasome pamoja, ila ficha jina la mama.