Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kupandikizwa nywele

Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu ana miaka 26 na upara umeshapanda kutoka kwenye paji la uso hadi karibu na utosi, kiasi kwamba kila asubuhi anaokota nywele kwenye mto na kuzihesabu. Tangu asome kwamba mwanasoka wa Uingereza Wayne Rooney alitangaza mwenyewe mwaka 2011, akiwa na miaka 25, kuwa amepandikizwa nywele jijini London, anataka kuuza pikipiki yake aende Istanbul, Uturuki, naye akapandikizwe. Najua nywele huhamishwa kutoka kisogoni, nazo hudondoka kwanza kabla ya kuota upya. Ila nywele zetu za kipilipili, ambazo mizizi yake hujipinda ndani ya ngozi, hukatika kirahisi zinapong'olewa. Je, aanze kwanza na dawa, na daktari nimchunguze kwa vigezo gani?