Msaada: wagombea watatu, kikundi kimoja, tutumie kanuni gani ya kura?

Katibu Mchovu: Wakuu habari za muda huu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa huku Mbagala, wanachama 30. Tunachagua mwenyekiti, wagombea watatu. Katiba yetu inasema tu "atachaguliwa kwa kura", basi, haisemi nusu wala robo. Nataka njia ya haki isiyoleta ugomvi. Siku ya tatu silali. Kejeli hapana.

Mzaramo Halisi: Kejeli hapana halafu umekuja humu? Mwenye kura nyingi achukue, mle pilau. Hata rais wetu tangu mabadiliko ya katiba ya 2000 halazimiki kuvuka nusu, akimzidi wa pili imetosha.

Jirani wa Voi: Hapo ndipo mnapokosea. Kwetu 1992 Moi alirudi Ikulu na asilimia 36 hivi, huku Matiba, Kibaki na Jaramogi wamegawana zaidi ya 60. Wasiomtaka walikuwa wengi na bado akaapishwa. Katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zote, tena angalau robo katika kaunti 24 kati ya 47. Asipofikisha mtu, wawili wa juu wanarudiana.

Mama Vitumbua: Mwenyekiti si tatizo. Kikoba chetu tuligombania uenyekiti wiki tatu nzima. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Kumbe mweka hazina alishachongesha za wenzake. Hadi leo simu haipokei.

Ticha Hesabu: Pole mama. Mleta mada, kuna njia ya kupanga: kila mtu anaandika 1, 2, 3. Mwenye 1 chache anatolewa, karatasi zake zinahamia kwa aliyewekewa 2. Australia wanaitumia kwa wabunge tangu 1918. Ninyi mtahesabu mkekani nusu saa. Ila swali: mnachagua, au mmeshachagua?

Katibu Mchovu: Tumeshapiga, Jumapili. 13, 10 na 8. Sasa yule wa 8 amewaambia watu wake wamuunge mkono wa 10, wanadai marudio. Mimi naona kura nyingi zinatosha, na muhtasari nimeshauandika.

Ticha Hesabu: Basi hutafuti kanuni, unatafuta mshindi. Wa 13 ni nani yako?

Katibu Mchovu: Hilo halihusiani na mada.

Mzaramo Halisi: 😂😂 Linahusiana kuliko mada yenyewe.

Katibu Mchovu: Haya, ni mama watoto. Lakini amegombea kwa uwezo wake! Na ninyi mnaotaka marudio, ni haki kubadili kanuni watu wakishapiga kura?

Ticha Hesabu: Hapo una hoja. Kanuni huwekwa kabla. Lakini hamkuwa nayo, kwa hiyo na hiyo ya "kura nyingi" umeileta wewe baada ya kuhesabu. Futeni, kubalianeni kanuni kwanza, mpige upya, na asimamie mwingine.

Ustaadh Mpole: Kesi ya nyani amepewa ngedere. Ndugu yangu, ungejitoa mapema.

Jirani wa Voi: Au mpange foleni nyuma ya wagombea, kama mlolongo wetu wa 1988. Babu anasema mstari mrefu ulishindwa na mfupi mchana kweupe.

Fundi Feni: Subirini kwanza. 13 + 10 + 8 = 31. Wanachama amesema 30. Wakuu, tumenyweshwa chai.

Mzaramo Halisi: Yenye tangawizi! Na mimi nilishaanza kumhurumia. Modi funga uzi.

Ticha Hesabu: Ikiwa chai, salama. Isipokuwa chai ndiyo balaa.

Katibu Mchovu: Si chai. Nimezihesabu tena sasa hivi hapa mezani. Ni 31 kweli.

Fundi Feni: Mezani wapi? Karatasi zinafanya nini kwako?

Katibu Mchovu: Sanduku la kura hatuna, tulitumia hotipoti ya nyumbani. Jumapili giza liliingia, ikabidi ilale kwetu, tukahesabu Jumatatu mbele ya wote.

Mama Vitumbua: Mama watoto yuko wapi saa hizi?

Katibu Mchovu: Jikoni. Ananiuliza nahesabu nini.