Wasifu wa mama ambaye hakuwahi kuajiriwa unaandikwaje?

Kitinda Mimba: Shikamooni wakubwa. Mama ametutoka, tunazika Jumamosi. Nimepewa kuandika wasifu wake, kanisani tuna dakika 5. Alisoma hadi darasa la nne, hakuajiriwa popote. Mfano niliopewa una vichwa vya "Elimu" na "Ajira". Nijaze nini?

Karani wa Msiba: Pole sana ndugu. Elimu sentensi moja inatosha. "Ajira" futa, weka "Kazi Zake", na nusu ya maneno yote yaende hapo. Msibani watu husoma polepole, kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo usivuke 450.

Usiandike "alikuwa mama wa nyumbani tu". Hilo "tu" linafuta jasho la maisha mazima. Taja kazi kwa vipimo: shamba eka ngapi, mwaka mzuri magunia mangapi, ng'ombe wangapi, maziwa yalilipa ada ya nani, maandazi aliyaanza saa ngapi alfajiri, kwenye shughuli za watu alisimamia sufuria lipi. Waulize wifi zake, jirani wa karibu na mweka hazina wa kikundi chake, kwa kuwa mengine watoto hamkuyaona. "Mkarimu, mcheshi, mpenda watu" yamo katika kila wasifu na masikio yameshayazoea. Badala ya "mkarimu", taja aliowalea bila kuwazaa.

Shangazi Mkubwa: Pole mwanangu. Angalia tarehe, ndizo zinazozua maneno makaburini. Anza na cheti cha ubatizo na cha ndoa. Kitambulisho kisikutoshe peke yake, wazee wengi waliandikishwa umri wa kukadiria. Vyeti vikikosekana, pima kwa matukio: uhuru wa 1961 alikuwa ameshavunja ungo? Vita vya Kagera, 1978, mgongoni alikuwa na mtoto yupi? Shaka ikibaki andikeni "1946 hivi", na fundi wa msalaba asianze kuchora kabla ukoo haujakubaliana mwaka.

Watoto waliotangulia wasisahaulike: "alijaliwa watoto 8, wawili wametangulia mbele ya haki." Wajukuu, kila mzazi alete hesabu ya kwake kwa maandishi, ukikisia mwenyewe, lazima mmoja aachwe nje, na ataumia. Ugonjwa uwe mstari mmoja, tena ulioridhiwa na wanawe wote.

Kitinda Mimba: Asante sana shangazi, asante karani. Asome nani?

Karani wa Msiba: Asisome mtoto wa kuzaa, kilio humkata katikati na dakika zinaisha. Mpe mpwa au mjukuu mkubwa mwenye sauti, na wa akiba akae karibu akiwa na nakala yake. Chapa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, na usiache sentensi ikatike mwisho wa ukurasa. Majina magumu ya ukoo yagawe kwa silabi. Asome kwa sauti mara mbili Ijumaa jioni, saa mkononi. Mchungaji naye apate nakala usiku huohuo, maana mahubiri yake atayachota humo.