Tupeane uzoefu: makabati ya jikoni na bafu hapa Lubumbashi, ulianzaje?

Seremala wa Katuba

Jambo wandugu. Mimi ni seremala, na mpaka leo nimefanya milango, vitanda na meza za mbao. Siku hizi wateja wananijia na picha kwenye simu: jikoni lenye makabati ukuta kwa ukuta, bafu lenye lavabo (beseni la kunawia) juu ya kabati. Nyumba zinazojengwa upande wa Golf na Bel-Air zinataka hivyo, na wenye pesa wengi wanaagiza vilivyokwisha kutengenezwa nje wakati mikono tunayo hapa hapa. Inaniuma. Nataka kuingia kwenye kazi hiyo kwa nguvu zote, lakini kabati la kufunga ukutani si kitanda ambacho mteja akikikataa utakipeleka sokoni. Limepimwa kwa nyumba moja tu.

Walioanza, nisaidieni. Ulianza na vifaa gani? Mbao unazitoa wapi? Mteja unamlipisha namna gani? Na maji ya bafuni unayashinda vipi?

Fundi wa Kamalondo

Karibu ndugu. Usikimbilie mashine kubwa. Melamini (bao la kiwandani lenye ngozi laini juu) nyingi tunayotumia hapa inatoka Afrika Kusini, inapita Zambia na kuingilia Kasumbalesa. Bao zima lina milimita 2750 kwa 1830, unene 16. Ukilikata kwa msumeno wa mkono, ngozi ya juu inameguka na ukingo unabaki na meno. Tafuta muuzaji mwenye mashine ya kukata na ya kubandika ukingo. Umpe karatasi ya vipimo, akukatie, wewe ukaunganishe kwako. Pesa ya mashine weka kwenye drili nzuri, keke ya milimita 35 ya kutobolea nafasi ya bawaba, pimamaji ndefu na vibano vya kutosha.

Karatasi hiyo ya vipimo ndiyo kazi yenyewe. Kila msumeno unapopita unakula milimita 3 hivi; usipozihesabu, kipande cha mwisho kwenye bao kitapungua. Kama ukingo ni PVC ya milimita 2, punguza unene huo kwenye kipimo cha mlango. Kama melamini ina mistari ya mbao, andika mistari ielekee wapi, la sivyo mlango mmoja utasimama na mwenziwe utalala.

Sasa kuta. Kuta za nyumba zetu nyingi hazikusimama sawa, na fundi wa makabati ndiye anayelipia kazi ya mwashi. Nikifika kwenye shantiye (mahali pa ujenzi) naanza na kona. Kutoka konani naweka alama kwenye sentimita 60 ukuta huu, na sentimita 80 ukuta ule, kisha napima toka alama mpaka alama. Nikipata 100 kamili, kona ni nzuri. Nikipata 101 na nusu, najua kona imefunguka na kabati litaacha mwanya. Baada ya hapo napima upana mara tatu: chini, kwenye urefu wa meza, na juu. Nachukua ule mdogo, halafu naacha sentimita 3 hadi 5 kila upande kwa kipande cha kuzibia, ambacho nakikata pale pale kufuata tumbo la ukuta.

Na karo (vigae) zikiwa bado hazijabandikwa, usichukue kipimo cha mwisho, hata mwenye nyumba akikusukuma. Karo pamoja na saruji yake inaweza kula sentimita 2 au zaidi kila ukuta. Kuta mbili zikitazamana, tayari kabati haliingii.

Mama wa Kampemba

Jambo baba. Mimi sishiki msumeno. Naongoza atelye (karakana) ya familia, mafundi wanakata na kufunga, mimi nakaa na wateja. Nitakuambia upande huo kwa sababu ndipo wengi wanapoanguka.

Avansi yetu, yaani malipo ya kwanza, ni asilimia 70 kabla ya kununua hata bao moja. Asilimia 20 inalipwa makabati yakifika mlangoni, kabla ya kufungwa. Kumi ya mwisho inalipwa droo ya mwisho ikishafungwa na kufunguliwa mbele ya mteja. Watu wanasema ni kali. Lakini melamini iliyokatwa kwa jikoni la mtu fulani haiuziki kwa mwingine, kwa hiyo mbao na bawaba lazima zinunuliwe kwa pesa yake, si kwa chakula cha watoto wako. Mteja mmoja alichagua nyeupe, mbao zikakatwa, shemeji yake akatoka Kinshasa akasema kijivu ndiyo ya kisasa. Tulikuwa na mchoro wenye sahihi yake na namba ya rangi imeandikwa. Alilipa tofauti, na bado ni mteja wetu. Bila karatasi ile tungebaki na maneno tu.

Andikeni pia kama bei ni ya dola au ya faranga, na kiwango cha kubadilisha ni cha siku gani.

Jambo la pili naliweka moyoni sana. Hizo picha za kwenye simu zimechorwa kwa jikoni la mtu anayepasha moto chakula. Huku kwetu mama anasonga bukari (ugali). Meza ya kawaida ina urefu wa sentimita 90. Weka jiko juu yake, weka sufuria ya watu wanane, halafu mwambie asonge: mabega yanapanda hadi masikioni. Kwa hiyo siagizi kitu kabla sijasimama na mama wa nyumba, si baba anayelipa. Namwomba akunje kiwiko, napima toka kiwiko mpaka chini, natoa sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo meza ya kukatia mboga inapokaa. Sehemu ya jiko naishusha zaidi, wakati mwingine hadi 75. Kwenye mchoro inaonekana kama ngazi, na wachoraji wa nyumba hawaipendi. Akina mama wananipigia simu kunishukuru.

Ulizeni pia: mfuko wa unga wa kilo 25 utakaa wapi? Makala (makaa) je? Mbabula (jiko la makaa) ikishapoa inaingizwa wapi? Bidoni (madumu) za maji ni ngapi? Kabati la chini lenye rafu katikati halipokei mfuko wa unga. Sisi tunaacha moja bila rafu, sakafu yake tunaiongezea mhimili chini, na mlango wake tunaufunga bawaba tatu.

Seremala wa Katuba

Mama, hilo la bukari sijawahi kulisikia kwa mtu yeyote. Nimelishika. Ninyi wengine, upande wa bafu?

Fundi wa Ruashi

Bafu ndiyo kazi yangu kubwa, basi nisikilizeni.

Vitabu vya nje vinafikiria mtu anayeoga chini ya bomba, maji yanaenda yanapotakiwa. Hapa bomba likikauka tunaoga kwa ndoo, na maji ya ndoo yanaruka kila mahali. Sakafu inabaki na maji, bidoni zinavuja, mtoto anamwaga. Melamini ya kawaida ndani yake ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Ikinywa maji inavimba, na ikivimba hairudi tena, hata uianike wiki nzima juani.

Kwa hiyo kabati la lavabo mimi nalitundika ukutani, chini yake unapitisha ufagio na tambara. Linashikwa na skrubu ndefu kwenye tofali zima, si kwenye plasta. Kama ukuta ni dhaifu, naweka miguu ya plastiki na kuacha sentimita 15 toka sakafuni. Bao natumia lile lenye moyo wa kijani, linalovumilia unyevu zaidi. Lakini msidanganywe na rangi: kijani ni alama tu ya kulitambulisha, na bao lile nalo likilowa muda mrefu linaharibika. Kinachookoa ni ukingo. Ziba pande zote nne za kila kipande, hata ule wa nyuma unaotazama ukuta, hata wa chini ambao hakuna atakayeuona. Tundu la bomba paka silikoni ndani yake kabla bomba halijapita. Juu, pale lavabo inapokutana na ukuta, silikoni ile inayokataa ukungu.

Mwenye pesa namshauri achukue mulombwa kwa fremu na milango. Ni mti wetu, unavumilia maji na hauchezi sana.

Mzee wa Kenya, komini (sehemu ya mji) yetu ya hapa Lubumbashi

Wanangu, kwa kuwa mulombwa umetajwa niongeze neno. Mbao za miti zina msimu. Mlango uliotengenezwa Januari mvua ikinyesha, ukifika Agosti umejikunja, kwa sababu kiangazi chetu ni kikavu sana. Ule wa Agosti nao unavimba mvua zikirudi. Panga mbao zako ndani ya atelye, na vipande vya kutenganisha katikati ili hewa ipite, muda mrefu kabla ya kuzigusa. Na ubao mpana wa katikati ya mlango usiugandishe kwa gundi. Uingie kwenye mfereji wa fremu na kuachiwa nafasi ya kupumua. Gundi inawekwa kwenye kona za fremu peke yake. Mlango wa namna hiyo utadumu kuliko anayeufungua.

Kijana wa Annexe

Swali fupi kuhusu bawaba. Natoboa kina gani kwenye bao la 16?

Fundi wa Kamalondo

Milimita 12 hadi 13, kufuata kikombe cha bawaba yako. Funga kizuizi kwenye drili, maana zimebaki milimita 3 au 4 tu upande wa pili. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Mlango usiozidi sentimita 90, bawaba mbili zinatosha.

Mwana Likasi

Nanyi msisahau karatasi. Kongo iliingia OHADA (umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara) mwaka 2012, na tangu hapo duka au atelye inaandikishwa RCCM, daftari la biashara. Njia ni Guichet Unique, ofisi ya serikali ya kuandikisha biashara. Ukibaki kwenye nyumba za watu unaweza kuchelewa, lakini ukitaka kufunga jikoni kwenye makambi ya migodi, bila RCCM na namba ya kodi hawafungui hata bahasha yako. Sheria ya Februari 2017 inataka kazi ambazo kampuni kubwa zinawagawia wengine ziende kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Mlango huo umefunguliwa kwa ajili yetu, na naona uchungu tunaposimama nje yake kwa kukosa karatasi.

Seremala wa Katuba

Asanteni sana, nimeandika yote. Yaliyobaki ni mawili. Umeme ukikatika kazi ikiwa mezani mnafanyaje? Na kazi ya kwanza nichukue jikoni zima?

Mama wa Kampemba

Jikoni zima hapana. Anza na kabati la lavabo, au meza ya sinki peke yake, kwa mtu anayekaa karibu nawe ili upite kuliangalia mvua zikianza. Litengeneze kama la kuuzwa kwa bei ya juu kabisa. Sisi jikoni letu la kwanza lilitoka kwa jirani wa mteja wa lavabo, alikuja kunawa mikono akauliza fundi ni nani. Umeme: kukata kunafanyika kwa muuzaji, kwako zinabaki drili, chukua za betri na betri ya ziada. Kupiga msumeno kurant (umeme) ikiwa dhaifu kunaunguza mota.

Fundi wa Ruashi

Na kwa lavabo hiyo ya kwanza, kabla ya kufunga, kagua ukuta na sakafu kutafuta njia za mchwa. Mji wetu umejengwa katikati ya vichuguu, na mchwa wanapanda ndani ya ukuta bila kuonekana. Ukiona mstari wa udongo, hata mwembamba, mwenye nyumba aite mtu wa dawa kwanza. Liandike kwenye devi (karatasi ya makadirio ya bei), atie sahihi, ndipo utoboe.